Taabu ya Safari ya Angani na Furaha ya Mji wa London



Wenye nyumba wengi, hasa wale ambao watoto wao wako Ulaya kwa kazi au kwa masomo, wametuuliza kama ni vema mtu mzima asiyezoea kusafiri apande ndege akauone mji mkubwa, iwapo gharama ni nyingi na taabu za njiani zasimuliwa kila mahali. Mwezi huu twawajibu, kwa kuwa mwezi wa Juni tulikwenda London kwa mara ya kwanza, sisi na mama wa nyumba yetu. Njia ilituchosha mno, na mji ulitufurahisha mno. Mambo hayo mawili ni kweli yote, wala moja halilifuti la pili.

Kwanza ni vizuri kuijua safari yenyewe. Toka Dar es Salaam hata London ni kilometa kama 7,500 kwa njia ya angani. Wazee wetu waliijua kuwa ni safari ya merikebu, ya majuma mengi. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kuchukua barua toka London hata Mwanza, na mwaka 1932 njia ile ikafika Cape Town, ikachukua na abiria. Ndege hizo zilishuka vituo vingi, abiria wakalala chini usiku, na safari nzima ya London hata Cape Town ilikuwa ya siku kama kumi na moja. Kisha tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet, ya kwanza kuchukua abiria kwa ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya kutimia saa ishirini na nne.

Basi leo mtu akiondoka Dar es Salaam usiku, na akibadili ndege mahali pamoja, aweza kuwa London kesho yake. Ndivyo ilivyo mambo yakienda sawa. Lakini upesi huo umetuzoeza vibaya. Wale wa mwaka 1932 waliahidiwa siku kumi na moja, wakajiandaa kwa siku kumi na moja. Sisi huahidiwa siku moja, na kwa hiyo saa sita za kungoja hutulemea kuliko juma zima lilivyowalemea wao.

Sasa tueleze jambo lililotupeleka. Binti yetu ni muuguzi katika hospitali mojawapo ya London, nasi tulikuwa hatujamwona kwa miaka minne. Fedha za tikiti zilitokana na akiba ya miaka mitatu na ng'ombe mmoja aliyeuzwa. Tulikuwa na siku sita za kukaa naye, toka Ijumaa hata Jumatano. Naye aliomba ruhusa kazini, akapewa siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi. Toka Jumapili alipaswa kushika zamu za usiku. Kwa hiyo siku hizo mbili ndizo zilizokuwa kiini cha safari yetu yote. London yenyewe ilikuwa ziada.

Alhamisi usiku tuliingia katika ndege, mlango ukafungwa, tukajifunga mikanda. Ikapita saa nzima, ndege isiende. Kisha rubani akatangaza ya kuwa chombo kimoja cha kuonya kilikuwa kinaonyesha kasoro, na sote tushuke. Hapa wengi walinung'unika, lakini jambo hili lina sababu. Ndege kubwa ina vyombo vingi vya kumwambia rubani hali ya injini, ya mafuta na ya milango. Kimoja kikionya, hana ruhusa ya kukisia kwamba huenda kimekosea. Fundi lazima athibitishe. Motakaa ikiharibika njiani husimama kando ya barabara, bali angani hakuna kando.

Mafundi walimaliza saa nane ya usiku. Tukasimama kwa furaha, tukaambiwa tuketi tena. Saa za kazi za marubani zilikuwa zimekwisha. Hili nalo halijulikani na wengi: sheria huweka mpaka wa saa ambazo rubani na wahudumu waweza kufanya kazi kabla ya kupumzika, kwa kuwa mtu mchovu ni hatari sawa na chombo kibovu. Kwa hiyo kasoro ya saa nne huweza kuzaa kukawia kwa saa kumi na nne. Tukalala juu ya viti, tukaondoka Ijumaa saa sita ya mchana.

Tulipofika mji wa njiani jioni, ndege yetu ya London ilikuwa imekwisha kwenda, na ile iliyofuata ilikuwa imejaa. Tukapewa nafasi ya Jumamosi alasiri. Hatukuwa na ruhusa ya kuingia katika nchi ile, basi hatukuweza kutoka nje kutafuta kitanda. Ukawa usiku wa pili juu ya viti, chini ya taa zisizozimwa, na sauti ikitangaza majina ya miji ya watu wengine usiku kucha.

Mbele ya meza ya kampuni palikuwa na watu wengi. Bwana mmoja alikuwa akiipiga meza kwa kiganja na kumkemea msichana aliyeketi pale, hata macho yake yakajaa machozi. Zamu yetu ilipofika tulisema, "Binti, twajua si wewe uliyeiharibu ndege. Twakuomba utuambie mambo matatu. Tutaondoka saa ngapi? Tutakula nini hata wakati huo? Na mizigo yetu iko wapi?" Akafuta macho, akatafuta, akaandika. Tulipata hati za chakula cha mara tatu, na karatasi yenye kuonyesha kwamba tumekawia kwa sababu ya kampuni wala si kwa sababu yetu. Juu ya mizigo alisema kweli, kwamba hajui. Yule bwana alipoondoka hakuwa na karatasi yo yote, kwa kuwa katika maneno yake yote hakuwa ameuliza neno hata moja.

Hatusemi haya ili tuwafundishe watu kunyamaza. Uvumilivu si unyamavu. Mtu aliyelipa nauli ana haki zake, na asiyeuliza hapewi. Twasema tu kwamba swali lililo wazi hufungua mlango ambao kelele huufunga.

Karibu nasi aliketi mama kijana, peke yake, na mtoto mchanga aliyekuwa akilia kwa kukosa usingizi. Mama wa nyumba yetu aliinuka akasema, "Mwanangu, nipe huyo. Lala saa mbili, nitakuamsha." Mama yule alisita kwanza, kisha akampa, akalala papo hapo. Wa kwetu akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga yake, akatembea naye huku na huku kati ya maduka ya manukato na ya saa za dhahabu mpaka mtoto akatulia.

Lakini aliporudi na kuketi, tulimwona analia yeye mwenyewe, bila sauti. Akasema, "Baba, Ijumaa yake imekwisha, na Jumamosi inakwisha. Fedha tutatafuta nyingine. Siku hizi nani atamrudishia mtoto?"

Hatukuwa na jibu, wala hatukujidai kuwa nalo. Kampuni huweza kurudisha nauli, siku haiwezi kuirudisha. Tulichofanya ni kupatana neno moja, sisi wawili: kwamba hasira hii ina mpaka wake, na mpaka ni mlango wa London. Siku mbili zimechukuliwa. Ya tatu hatutaitoa sisi wenyewe kwa kuingia nyumbani kwa mtoto tukiwa tumenuna na kusimulia mabaya hata usiku wa manane.

Jumamosi saa kumi na mbili ya jioni tulishuka Heathrow. Tulisimama mbele ya mkanda uzungushao mizigo hata ukawa mtupu. Sanduku moja lilifika, na la pili, lenye nguo za mama na zawadi zote za binti, halikufika. Tulikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mizigo, tukaandikiwa hati kabla ya kutoka nje. Kisha mlango ukafunguka, na binti yetu alikuwa amesimama pale. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Tulisema marahaba, na maneno mengine hayakutoka kwa muda. Alikuwa amekuja pale Ijumaa, akarudi nyumbani, akaja tena. Hakutuuliza habari za ndege. Alisema tu, "Mwenzangu mmoja amechukua zamu yangu ya kesho. Nina Jumapili nzima." Mwenzake huyo ni muuguzi kutoka Ufilipino, ambaye wazazi wake wako mbali kuliko sisi. Hatujapata kumwona, nasi hatutamsahau.

Basi tukaingia mjini, na tangu hapo habari ni za furaha.

Tulipanda gari la umeme lipitalo chini ya ardhi. London ndio mji wa kwanza duniani kuwa na reli ya namna hiyo. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, na siku zile magari yalivutwa na injini za moshi ndani ya mashimo yale yale, watu wakakohoa. Ya umeme ilianza mwaka 1890. Sasa ina vituo 272, na kila njia ina rangi yake katika ramani, hata mtu asiyejua Kiingereza sana aweza kufuata rangi. Tulipanda njia ya Piccadilly hata Green Park, tukabadili kwa njia ya Victoria mpaka Brixton, anakokaa binti yetu. Katika ngazi ziendazo zenyewe kuna desturi moja: asimamaye husimama kuume, na mwenye haraka hupita kushoto. Hakuna askari wa kuwaamrisha, na watu huitii. Mama alishika mkono wa ngazi kwa nguvu, akacheka mpaka juu.

Tulipotoka nje ilikuwa imepita saa mbili ya usiku, na jua lilikuwa lawaka. Mwezi wa Juni jua la London halichwi hata saa tatu na zaidi. Mama akasema, "Hapa watu hula chakula cha usiku mchana." Tukala wali na maharage aliyopika binti, tukalala kitandani. Baada ya viti vya usiku mbili, kitanda kile chembamba kilikuwa bora kuliko cha mfalme.

Jumapili baada ya ibada, binti alitupandisha mashua ya abiria katika mto Thames, tukashuka mto hata Greenwich, tukipita chini ya daraja liitwalo Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo hugawanyika katikati na kuinuka ili vyombo virefu vipite. Huko Greenwich, juu ya kilima, pana mstari uliotiwa chini katika ua wa nyumba ya kuangalia nyota. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakapatana kwamba hesabu za mashariki na magharibi zianzie hapo. Kila nyuzi 15 ni saa moja, nasi wa Afrika Mashariki tumewekwa saa 3 mbele ya mstari huo. Wakati wa kiangazi Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja, ndiyo maana tulipishana nao kwa saa 2 tu. Mama alisimama mguu mmoja mashariki na mmoja magharibi, binti akampiga picha. Walimu, mkifundisha somo la nyuzi za dunia, twawapa mfano huo. Siku hiyo nzima tulikuwa na mtoto wetu, naye akatueleza mambo ya miaka minne ambayo hayasemeki kwa simu.

Tangu Jumatatu yeye alilala mchana kwa sababu ya zamu, nasi tukatembea wenyewe, tukiwa na ramani. Tulikwenda kwanza Westminster Abbey, kanisa ambalo ndani yake wafalme wa Uingereza wamevikwa taji tangu mwaka 1066. Aingiaye kutazama hulipa, aingiaye kusali halipi. Katikati ya sakafu pana jiwe jeusi la kaburi la David Livingstone. Wengi wa wasomaji wetu wajua kwamba alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu hata Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Walifika mwezi wa Februari 1874. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza mmoja aitwaye Cameron aliwashauri wamzike huko; wakakataa. Jacob Wainwright aliusindikiza mwili hata London, akawa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwapo siku hiyo. Waliletwa Uingereza baadaye mwaka ule.

Jiwe lasema kwamba aliletwa kwa mikono yenye uaminifu. Majina ya wenye mikono hiyo hayamo. Mama alisimama hapo kitambo, kisha akasema polepole, "Miezi tisa, na maiti begani, na njiani waambiwa mwache hapa. Hao ndio wasafiri." Hatukuongeza neno. Lakini tangu saa hiyo, mmoja wetu alipoanza kukumbuka viti vya kule njiani, mwenzake alimtazama tu, wote wawili tukacheka.

Tulipotoka ilikuwa adhuhuri, na kengele kubwa iitwayo Big Ben ikalia mara kumi na mbili juu ya nyumba ya Bunge, nasi tukasema kwa desturi yetu, "Saa sita." Watu huliita mnara Big Ben, lakini jina hilo ni la kengele. Uzito wake ni tani 13.7. Ilianza kulia mwaka 1859, na mwaka ule ule ikapata ufa. Waligeuza kengele, wakaipa nyundo nyepesi zaidi, na mpaka leo yalia na ufa wake. Wengi husema sauti ile inayojulikana dunia nzima yatokana na ufa huo.

Jumatatu jioni sanduku lilifika. Binti alivifungua vitenge vyake, akalala usingizi wa mchana uliofuata amejifunika kimoja.

Jumanne tulikwenda British Museum, nyumba ya mambo ya kale, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 1759. Kuingia ni bure. Usijaribu kuiona yote. Utatoka na miguu mizito na kichwa kitupu. Sisi tulichagua vitu viwili. Cha kwanza ni Jiwe la Rosetta, lililoonekana Misri mwaka 1799. Habari moja imeandikwa juu yake kwa namna tatu za maandiko, na mojawapo ni ya Kiyunani. Kwa kuwa Kiyunani kilijulikana, Mfaransa Champollion aliweza mwaka 1822 kufumbua maandiko ya picha ya Wamisri ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiyasoma tena. Mwalimu ye yote aliyepata kufasiri neno gumu ataliheshimu jiwe hilo.

Cha pili ni jiwe dogo lisilo na uzuri, lililochongwa makali upande mmoja. Limetoka bonde la Olduvai, katika Tanzania, na umri wake ni miaka ipatayo milioni 1.8. Ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa katika nyumba ile yote. Tumesafiri kilometa 7,500 ili kuona maajabu ya Ulaya, tukakuta ya kwetu yametutangulia. Twasema pia kwa haki kwamba si kila kitu kilichomo mle kilikuja kwa njia njema. Sanamu za shaba za Benin, kwa mfano, zilichukuliwa na askari wa Kiingereza mwaka 1897, na wenyewe wanazidai. Mgeni aweza kufurahia kuona, na akakumbuka hayo pia.

Jumatano hatukwenda mbali. Tulizunguka soko la Brixton na barabara iitwayo Electric Avenue, iliyopata jina hilo kwa sababu ilikuwa miongoni mwa barabara za kwanza za soko kuwashwa taa za umeme, mwishoni mwa karne ya 19. Watu wengi wa visiwa vya Karibi walikaa mtaa ule tangu merikebu Empire Windrush ilipowaleta wenzao mwaka 1948, na soko limefuata matumbo ya watu. Tuliona mihogo, ndizi za kupika, bamia na viazi vikuu. Mama alitaka kupunguziwa bei ya mihogo, na mwenye duka, mzee wa Jamaika, akampunguzia kwa heshima ya umri wake. Jioni binti alikula muhogo wa nazi kabla ya kwenda kazini, akasema amerudi nyumbani. Alhamisi tukaagana. Safari ya kurudi haikuwa na neno.

Sasa mashauri machache kwa nyumba zetu, tuliyoyaona kwa macho.

Katika mfuko wa mkononi mtieni dawa, hati zote, na nguo za siku mbili. Sanduku kubwa ni mgeni asiye na ahadi. Mkienda kwa arusi au kwa jambo lisilongoja, fikeni siku mbili kabla. Ndege ikikawia, ulizeni kwa upole na mpewe jibu kwa maandishi. Mzigo usipofika, msitoke kiwanjani bila hati. Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, ambayo serikali nyingi zimeyatia sahihi, yasema kwamba malalamiko ya mzigo uliocheleweshwa yapelekwe kwa maandishi katika siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na ya mzigo ulioharibika katika siku 7. Mzigo usioonekana kwa siku 21 huhesabiwa kuwa umepotea. Tunzeni stakabadhi za vitu mlivyolazimika kununua. Sisi tuliandika mapema, na kampuni ikarudisha bei ya gauni na viatu ambavyo mama alivaa Jumapili.

Na mkifika mjini, chagueni jambo moja kubwa kwa siku moja, na mbaki na nguvu za kuketi na watu mliowaendea.

Jibu letu, basi, kwa waliouliza: mkiweza, nendeni. Taabu ya njia itawapata, kubwa au ndogo, nayo itadai zaidi ya sehemu yake. Ilitulia siku mbili, na hizo hatukuzipata tena. Ijumaa na Jumamosi za binti yetu zimekwenda. Lakini hatukuipa Jumapili.

Mwezi ujao tutajibu barua za walimu juu ya kuweka akiba ya ada za shule. Kaeni salama.